Jumamosi Tuliyosoma Warumi 9

Mimi ni Doto. Kwetu Usukumani jina hilo mzazi halichagui, unazaliwa nalo. Pacha anayetangulia kutoka ni Kulwa, anayefuata ni Doto, na atakayezaliwa nyuma yao, awe wa kike au wa kiume, ni Shija. Kwa hiyo kabla sijafumbua macho jina langu lilikuwa linanisubiri, na ndugu yangu alikwisha kuwa mkubwa wangu, kwa muda ambao Bibi alisema usingetosha hata kuchemsha maji ya chai.

Usipolijua hilo huwezi kuelewa kwa nini Kulwa aliinuka katikati ya mafundisho, Jumamosi moja ya Julai 1995, akatoka na asirudi tena.

Tulikuwa na miaka 15, mwaka wa pili wa mafundisho ya kipaimara. Ulikuwa msimu wa pamba. Asubuhi tulichuma mpaka jua likapanda, tukanawa, tukaenda kanisani na vidole vimechanwachanwa na maganda. Kanisa letu la Kilutheri lilikuwa la matofali ya kuchoma, sakafu ya udongo, na kengele yake ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwembe. Kwa kawaida alitufundisha mwinjilisti, mzee mpole aliyetukaririsha Katekisimo Ndogo ya Luther kipande kwa kipande, amri, imani na sala, kila kimoja pamoja na maana yake. Siku hiyo alikuwa msibani, akatuachia mwanafunzi wa theolojia aliyekuwa kwetu kwa mazoezi ya kazi. Alikuwa kijana mwenye bidii na moyo safi. Nalisema hilo wazi, kwa sababu kwa miaka mingi nilimwekea kinyongo.

Lakini lazima nianzie Jumatano. Wiki hiyo kulikuwa na mkutano wa injili kwenye uwanja wa mnada, jenereta likinguruma, na mhubiri kutoka mjini akiita kwa sauti iliyokauka: Mungu amekwisha kufanya ya kwake, imebaki yako! Yesu amesimama mlangoni anabisha, kitasa kiko upande wako! Kulwa alipita mbele. Nilimwona akipenya katikati ya watu, akapiga magoti vumbini, akaongozwa sala ya toba. Mimi nilibaki nimeshika baiskeli. Nilitaka kwenda, nayakumbuka mapigo ya moyo wangu, ila miguu haikuondoka. Tulirudi nyumbani gizani yeye akiimba. Siku tatu zile aliamka kabla yetu sote, akaenda kisimani bila kutumwa, na Mama akawa anamtazama bila kusema neno, kama mtu anayeogopa kumfukuza ndege.

Ndiyo maana Jumamosi, kabla hata hatujafungua vitabu, alinyoosha mkono.

"Mwalimu, mimi Jumatano niliamua. Sasa nimeokoka?"

Nadhani yule kijana aliona kosa la mhubiri na akataka kulisahihisha papo hapo. Akasema wokovu hautokani na uamuzi wa mtu, kisha akafungua Warumi 9 na kusoma habari za mapacha wa Rebeka: "Kwa maana kabla hawajazaliwa wale watoto, wala hawajatenda neno jema wala baya..." Alisoma polepole, akafika palepale. "Mkubwa atamtumikia mdogo. Kama ilivyoandikwa, Nimempenda Yakobo, bali Esau nimemchukia."

Darasa zima liligeuka kututazama. Tulikuwa tumekaa benchi moja, bega kwa bega, kama siku zote.

"Mkubwa ndiye Esau?" Kulwa aliuliza.

"Ndiye."

"Na alikuwa amekosa nini?"

Mwalimu akashuka mistari michache na kumjibu kwa maneno ya Paulo: "Wewe u nani umjibuye Mungu?"

Kulwa alifunga daftari lake. Aliinuka taratibu, akapita mbele ya magoti yangu, akatoka. Mwalimu aliendelea na mfinyanzi na udongo wake, lakini hakuna aliyekuwa akisikiliza, nami sikumfuata ndugu yangu. Sikumfuata kwa sababu ambayo sijawahi kumwambia mtu mpaka leo: moyoni nilikuwa nimefurahi kidogo. Maisha yangu yote mimi ndiye niliyevaa shati baada yake na kupewa finyango la pili. Mara moja tu, ndani ya Biblia, mdogo alikuwa ametangulizwa. Furaha hiyo haikudumu hata dakika tano, lakini ilikuwepo, na naijua ladha yake.

Nilipokua nilisoma sana juu ya jambo hili, kama anayeamua wokovu ni Mungu au ni mtu, maana lilikuwa limelala nyumbani mwetu kama mgonjwa. Nikajua kwamba yule kijana hakutunga chochote. Augustino, askofu wa Hipo huko Afrika Kaskazini, alipambana nalo dhidi ya mafundisho ya Pelagio, aliyesema mtu aweza kumtii Mungu kwa nguvu zake mwenyewe, na mwaka 418 maaskofu walikutana Karthago wakayakataa. Mwaka 1524 msomi Erasmus aliandika kuitetea hiari ya mwanadamu, na mwaka uliofuata Luther akamjibu kwamba hiari hiyo imefungwa. Waholanzi walikaa miezi kadhaa katika mkutano wa kanisa mjini Dordrecht, 1618 hadi 1619, wakawahukumu wafuasi wa Arminius waliosema neema yaweza kukataliwa, na wachungaji wengi wakapoteza sharika zao. Watu wenye akili nyingi na hofu ya Mungu walikuwa pande zote mbili.

Ila nikajua na jambo jingine ambalo lingetusaidia sana Jumamosi ile. Maandiko ya ungamo ya Walutheri wenyewe, ya mwaka 1577, hayasemi kwamba Mungu amemwandikia mtu yeyote upotevu. Yanasema anayeokoka ameokolewa na Mungu tu, na anayepotea amepotea kwa kosa lake mwenyewe, kisha yanakataa kuziunganisha kauli hizo mbili kwa kamba ya mantiki. Wengi huona huko ni kukwepa swali. Mimi naona ni uaminifu. Na maneno ya Esau kuchukiwa yametoka kwa nabii Malaki, anayeongea na taifa la Israeli juu ya taifa la Edomu. Hayakuandikwa ili mvulana aliyepiga magoti Jumatano aambiwe Jumamosi kwamba magoti yake hayana kazi. Jibu la "wewe u nani" Paulo alimpa mtu anayemshtaki Mungu. Kulwa hakuwa akimshtaki Mungu. Alikuwa anauliza kama anatakiwa nyumbani.

Jioni ile nilimkuta kisimani, ndoo imejaa lakini hajaiinua.

"Jumatano nilidhani nimefungua mlango," aliniambia. "Kumbe hakuna mlango. Kama nimo, nimo. Kama simo, hata nikikesha kanisani simo."

"Hajasema wewe ndiye Esau."

"Doto. Ulikuwepo."

Usiku tulikaa jikoni kwa Bibi, tukimenya karanga. Bibi alikuwa mlokole, mwenye tarehe yake ya kuokoka aliyoitaja katika kila ushuhuda, na alikuwa mkunga. Ndiye aliyetupokea sisi wote wawili. Aliona Kulwa hajagusa michembe yake.

"Mume wangu, nani amekuudhi?"

Kulwa alinyamaza, mimi nikaeleza yote. Bibi alisikiliza huku mikono ikiendelea na karanga. Kisha akasema, mbona mnaongea kana kwamba hamjawahi kuzaliwa.

"Wewe Kulwa ulitoka unapiga kelele. Huyu Doto alitoka kimya, wa bluu, kama kitambaa kilicholowa. Nilimpangusa mdomo, nikamsugua mgongo, nikampulizia. Nilimwuliza kama anataka? Angejibu kwa mdomo gani? Pumzi ya kwanza ilikuwa yangu, si yake. Lakini kulia alilia mwenyewe. Mimi nisingeweza kumlilia."

Nimesikia mahubiri mengi juu ya Yohana 3 na kuzaliwa mara ya pili, wala sijasikia lililoingia ndani kuliko hilo. Naliamini mpaka leo, kwa mwili wangu, kwa kuwa ni mwili wangu ndio uliopuliziwa.

Lakini Kulwa alikuwa na swali, nalo lilikuwa swali lenyewe hasa.

"Na asiyelia, Bibi?"

Mikono yake ikasimama. Sote tulijua ukunga wake ulikuwa wa miaka mingi, na nyuma ya nyumba fulani fulani kijijini kulikuwa na vilima vidogo vya udongo alivyovijua yeye kuliko mtu yeyote.

"Wapo," alisema. "Wapo niliowapulizia mpaka kifua kikaniuma, hawakulia. Sijui kwa nini, mjukuu wangu. Najua tu hakuna niliyemwacha bila kumpulizia."

Akainuka kuchochea moto. Kulwa hakusema zaidi, na michembe yake aliila Shija.

Jumatatu mwinjilisti alikuja na baiskeli yake, vumbi la msibani bado miguuni. Aliketi chini ya mti na Kulwa, peke yao, nami nilikuwa karibu nikianika pamba. Hakumkemea. Alimsomea Mwanzo 33, Esau anapomkimbilia ndugu yake, anamwangukia shingoni na kumbusu, na Yakobo mteule anamwambia kwamba kuuona uso wake ni kama kuuona uso wa Mungu. Kisha akamwambia Paulo hakuishia sura ya 9, akamsomea mwisho wa ile ya 11: "Maana Mungu amewafunga wote pamoja katika kuasi ili awarehemu wote." Kulwa alimsikiliza kwa heshima, akamletea maji ya kunywa, akamsindikiza hadi barabarani. Jumamosi iliyofuata alikwenda kuchunga.

Mimi niliendelea na mafundisho, na kila usiku nilimwombea. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa nilikuwa upande gani, kabla sijajua kuna pande. Kama yote yangekuwa mikononi mwa Kulwa, Mungu nilikuwa namwomba nini? Ningepaswa kwenda kumwomba Kulwa. Baadaye nikakuta Augustino amemwandikia hoja hiyohiyo Vitalis wa Karthago: Kanisa linawaombea wasioamini, maana yake linajua nani hugeuza mioyo. Nami hata hivyo sikuwahi kulala bila kumwambia ndugu yangu gizani, twende Jumamosi, Kulwa. Nilimwambia yeye kama vile ni yeye atakayeamua. Sijawahi kuona jinsi ya kuacha mojawapo ya hayo mawili nikabaki nampenda.

Kipaimara kilikuwa Jumapili ya Desemba, mvua imenyesha usiku kucha. Niliondoka nyumbani kwa miguu, suruali nimeikunja hadi magotini. Kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama nje madirishani. Tulipangwa mbele ya madhabahu na kuulizwa mmoja mmoja. Mchungaji alinifikia, akasema: kifungu cha tatu cha imani, maana yake nini?

Nilikijua kama ninavyojua jina langu. Nikaanza, "Naamini ya kuwa siwezi kwa akili zangu wala kwa nguvu zangu kumwamini Yesu Kristo Bwana wangu, wala kuja kwake..." Nikakwama. Si kwamba nilisahau. Niliisikia "siwezi" ikitoka kinywani mwangu, nikamwona Kulwa akipita mbele ya magoti yangu, nami nimekaa. Koo likaziba. Mchungaji alingoja. Nilisikia mtoto akilia nyuma na matone yakidondoka kutoka kwenye bati.

"Lakini Roho Mtakatifu ameniita kwa Injili."

Haikuwa sauti yangu, ingawa watu wa mbali walidhani ni yangu, kwa sababu zinafanana. Ilitoka dirishani kushoto. Kulwa alikuwa amesimama nje katikati ya watu, shati limelowa mabegani, mikono ameshika nondo za dirisha. Mchungaji aligeuza kichwa akamtazama. Hakusema kitu. Akanirudia mimi, akatikisa kichwa kidogo kunipa ruhusa.

"Akaniangaza kwa vipawa vyake," niliendelea, na kifungu kikatoka chote mpaka amina.

Baada ya ibada alikuwa ananingoja chini ya mwembe na baiskeli. Alipangusa kiti kwa mkono wa shati, nikapanda nyuma. Barabara ilikuwa tope tupu, aliendesha akikwepa madimbwi ili suruali yangu isichafuke. Nilimwuliza kwa nini amekuja.

"Mama amenituma nikuchukue," alisema.

Tulipofika Mama alikuwa mlangoni, ametutangulia kurudi kwa njia ya mkato ya mashambani. Alinikumbatia, kisha akamgeukia Kulwa kwa mshangao.

"Na wewe baiskeli umeipeleka wapi tangu asubuhi? Nimekutafuta nyumba nzima."

Kulwa hakujibu. Aliiegemeza ukutani, akaanza kuikwangua tope kwa kijiti, gurudumu la mbele kwanza, kisha la nyuma.