Kumbe kuna mtu aliisoma

Najua mnasubiri habari za ile barua ya kupandishwa cheo. Imekuja, nimekuwa mhadhiri mwandamizi, na wiki hiyohiyo mdogo wangu kajifungua salama na lile andiko lililozungushwa na wahakiki mpaka nikalikatia tamaa limekubaliwa. Namshukuru Mungu kwa yote. Ila kinachonikosesha usingizi ni maneno manne niliyoambiwa Jumatano mlangoni mwa ukumbi, na sista aliyekuwa anawahi zamu ya jioni.

Tulirudi hospitalini kuwapa wauguzi mrejesho wa utafiti wetu wa noti wanazoandika kuhusu wagonjwa, ule tunaotengenezea programu ya kutoa tahadhari mgonjwa anapoanza kuzidiwa. Hili nalishikilia sana, na wenzangu wa idarani wameshalizoea: huwezi kuchota maandishi ya watu, ukapata nayo shahada na vyeo, halafu wenyewe wasisikie ulichokikuta humo. Kwenye slaidi moja niliweka mfano wa noti ya usiku. Kamati ya maadili ilikuwa imeridhia. Jina, tarehe na wodi vilishaondolewa, na hapa nimebadilisha hata tarakimu. Saa tisa na dakika kumi usiku. Mapigo ya moyo 98, pumzi 20 kwa dakika, joto 37.1, oksijeni asilimia 97, presha 114 kwa 70. Chini yake, kwenye kile kisanduku cha maelezo ambacho mtu halazimiki kukijaza, kumeandikwa: “Hatulii. Anashikashika shuka. Anasema hajui ana nini. Nimemjulisha daktari wa zamu.”

Ukipiga hesabu kwa NEWS2, ule mfumo wa alama za kumtambua mgonjwa anayezidiwa kwa vipimo vyake, wa Royal College of Physicians ya London uliotoka mwaka 2017, mgonjwa huyu anapata alama 1, na hiyo ni ya mapigo ya moyo tu. Kwa alama 1, inatosha kumpima tena baada ya saa nne hadi sita. Huyu muuguzi alirudi baada ya nusu saa. Akarudi tena kabla ya saa kumi na nusu. Vipimo ni vilevile kila mara, hakuna hata kimoja kilichovuka mstari, lakini yeye anarudi. Nilikuwa nawaeleza kwamba kile kurudi kitandani bila kuagizwa na mtu ndicho tunachokifuatilia sisi. Kwamba mikono na macho ya muuguzi huwa vimeshajua kabla mashine haijasema.

Watu wakapiga makofi, wakaenda kwenye chai. Yule sista akabaki. Ni mtu mzima, hajabakiza muda mrefu kustaafu. Nikamwamkia.

“Marahaba, daktari. Ile noti ni yangu.”

Nikamwambia noti zile hazina majina, hata mimi mwenyewe sijui ziliandikwa na nani.

“Mimi najua. Namkumbuka, na ile shuka naikumbuka.”

Sikupata la kusema. Akauliza, “Na mwisho wake unaujua?”

“Naujua, Sista.”

Akatikisa kichwa taratibu, akapandisha mkoba begani. “Kumbe kuna mtu aliisoma.”

Akaenda zake.

Tangu hapo nairudia. Jumatano jioni, njiani kurudi nyumbani, niliisikia kama shukrani, nikafurahi sana, nikamsimulia baba watoto kabla hata sijavua viatu. Usiku nilipolala ikanijia kwa sauti nyingine, nikaisikia kama lawama. Kulipokucha nikawa najaribu kukumbuka kama alitabasamu. Hakutabasamu. Lakini pia hakukunja uso, na sauti yake haikupanda wala kushuka. Alisema kama mtu anayesoma kipimo cha joto. Je, alinisifu kwa kuisoma, au alikuwa anamkumbuka mtu aliyepaswa kuisoma usiku ule na hakuisoma?

Maana mwisho wa mgonjwa yule naujua kwa kuwa upo kwenye hifadhidata, safu ya mwisho kulia. Maandishi yanayofuata baada ya ile noti yanasema daktari ameagiza waendelee kumfuatilia. Alfajiri akahamishiwa wodi ya wagonjwa mahututi. Hakutoka. Mimi nilikutana na ile shuka miaka kadhaa baadaye, nimekaa kwenye kiti chenye mto, nina kikombe cha chai mkononi, nasoma maelfu ya noti moja baada ya nyingine ili niipe kila moja msimbo. Tangu Graves na Corcoran, wataalamu wa taarifa za uuguzi, waandike mwaka 1989 tunawafundisha wanafunzi wetu kwamba data huzaa taarifa, na taarifa huzaa maarifa. Nimelisema hilo darasani mara nyingi na naliamini. Ila kwa mgonjwa huyu maarifa yalizaliwa baada ya yeye kuzikwa, na aliyetoa data alikuwa amesimama mbele yangu anaambiwa na slaidi kwamba alikuwa sahihi.

Hayo ndiyo yaliyonikaa kooni hadi Ijumaa.

Nikaanza kuwakasirikia watu ambao hawapo. Nikamkumbuka yule profesa aliyeniambia, wakati natetea pendekezo la uzamivu, nifute safu nzima ya maelezo ya wauguzi nibaki na tarakimu, kwa kuwa maelezo yale ni kelele. Nikakumbuka kwamba kwa miaka mingi hospitali za Marekani zilikuwa na mazoea ya kutoa noti za wauguzi kwenye faili na kuzitupa mgonjwa akisharuhusiwa, ili kupunguza nafasi kabatini. Za daktari zinatunzwa, za aliyekesha naye zinaenda na taka. Mwaka 1863 Florence Nightingale aliandika kwamba alitafuta kila mahali rekodi za hospitali zinazoweza kulinganishwa na karibu hakupata. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwaka 1988, watafiti wa uuguzi Harriet Werley na Norma Lang bado walikuwa wanapigania jambo dogo tu: vipengele 16 ambavyo kila mahali vingerekodiwa kwa namna moja ili kazi ya uuguzi ionekane kwenye takwimu. Vipengele 16, na mpaka leo kuna mifumo ya kompyuta ambayo ukiitafuta kazi ya muuguzi ndani yake unakuta muda wa kutoa dawa na basi.

Mwenzangu wa ofisini aliponiona nimenuna akanikumbusha kwamba mambo yanabadilika, na ni kweli. Mwaka 2013 mtafiti Sarah Collins, ambaye sasa anaandika kwa jina la Rossetti, na wenzake walionyesha kwamba wagonjwa waliofariki walikuwa wamepimwa na kuandikiwa maelezo ya hiari zaidi kuliko waliopona. Kalamu haikumdhuru mtu. Wauguzi walikuwa wameshaona jambo. Kutokana na hapo wakajenga mfumo wa tahadhari unaosoma mwendo wa uandishi wenyewe, nani kapimwa nje ya ratiba, nani kaandikiwa maelezo usiku. Matokeo ya majaribio yao, hospitali za mifumo miwili ya afya huko Marekani na matukio ya kulazwa zaidi ya 60,000, yalitoka mwaka 2025 katika jarida la Nature Medicine: hatari ya kifo ilipungua kwa asilimia 35.6. Niliposoma ile tarakimu mara ya kwanza nilisimama nikazunguka chumba. Ndiyo njia tunayoifuata sisi. Kwa hiyo nilijiambia: Sista, noti yako haikupotea, noti kama yako inaweza kuokoa watu sasa.

Nilipanga kumwandikia hivyo. Namba yangu iko kwenye karatasi ya maelezo ya utafiti, yake mimi sina, nikawa nawaza nipitie kwa mkuu wa wodi. Yeye akaniwahi. Ijumaa usiku, baba watoto ameshalala, meseji ikaingia:

“Pole na kazi daktari. Mimi ni yule wa ile noti. Nina swali. Usiku nikiwa peke yangu na wodi imejaa siandiki kitu mpaka alfajiri. Hiyo programu yenu itaona niko kimya. Itasema wagonjwa wangu wote wazima?”

Nilikaa kitandani nikaisoma tena na tena, na kila nikiisoma uzito wote wa siku zile unaniondoka. Alikuwa ameenda nyumbani, akafanya zamu, akalala, akaamka, na wakati wote huo alikuwa anaufikiria utafiti wangu kwa ukali kuliko mhakiki yeyote niliyewahi kumpata.

Maana hapo ndipo kazi yetu yote ilipo. Programu inajifunza kwamba muuguzi mwenye wasiwasi huandika zaidi. Sawa. Lakini mfumo wa aina hiyo ukiutoa kwenye wodi yenye wauguzi wa kutosha ukaupeleka kwenye wodi ya muuguzi mmoja, ukimya unabadilika maana. Kule ukimya ni mgonjwa anayelala vizuri. Huku ukimya ni mtu mmoja anayekimbia kati ya vitanda, kashika dripu mkono mmoja na simu mkono mwingine, na mgonjwa aliye taabani kuliko wote ndiye ambaye rekodi yake iko tupu, kwa sababu mikono iliyopaswa kuandika iko juu yake. Kisha alfajiri anakaa anaandika yote kwa mkupuo, na kompyuta inaweka muhuri wa saa kumi na moja kwenye jambo lililotokea saa saba. Mimi hapa nina shahada tatu, naandika sura nzima kuhusu data zinazokosekana, nalipitia jambo hili kwa fomula. Yeye kalisema kwa meseji moja, tena kutoka wodini.

Nikamjibu kwamba hapana, kwa jinsi ilivyo sasa ingeweza kukosea hivyohivyo, na ndicho tunachotaka kukifanyia kazi: kila noti isomwe pamoja na idadi ya wauguzi waliokuwa zamu na idadi ya vitanda vilivyojaa, na muda wa tukio utenganishwe na muda wa kuandika. Nikamuuliza kama naweza kumpigia kesho yake. Akasema nipige saa nne, akishaoga.

Tukaongea hadi salio likaisha, nikaongeza tukaendelea. Hapo akaniuliza la pili, na hili sijalimaliza bado: “Ikishagundua, itamwambia nani? Mimi nimeshajua tayari. Ndiyo maana narudi kitandani.”

Wote tunaotengeneza tahadhari hizi tunafikiri kengele ilie kwa muuguzi. Iko kwenye kila mchoro wetu, mshale unaotoka kwenye seva kwenda kwenye dawati la wauguzi. Tunamwamsha aliye macho. Kengele zikizidi anaanza kuzizoea na kuzipita, na tafiti nyingi za vyumba vya mahututi zimeonyesha hivyo. Sista anataka iende kwa yule anayesema kwenye simu “endeleeni kumfuatilia”, imfikie na ushahidi: muuguzi huyu kapima mara nyingi kuliko ratiba, kaandika, na hafanyi hivyo kwa wagonjwa wake wengine. Yaani wasiwasi wake uwe na uzito hata pale ambapo namba zote zinapendeza. Nilimwambia anyamaze kidogo niandike. Akacheka, na hicho ndicho kicheko nilichokuwa nakitafuta tangu Jumatano.

Sikumuuliza alimaanisha nini mlangoni. Nilikuwa nimejiandaa kuuliza, nikaona tukiwa katikati ya mshale na kengele si mahali pake. Ruhusa ya kuandika haya nilimwomba mwishoni, akasema, “Andika, jina langu usilitie.”

Nataka awe mtafiti mwenza kwenye awamu ijayo. Si mshauri wa kualikwa siku moja kula chakula cha mchana na kupigwa picha: jina lake liwe kwenye pendekezo, na posho ya muda wake iwemo kwenye bajeti. Fomu ya chuo inataka mtafiti mwenza awe na shahada ya uzamili. Yeye ana stashahada na miaka ya wodini isiyohesabika kwenye fomu ile. Nimeshaandika barua ya kuomba msamaha wa kigezo, Jumatatu naipeleka mwenyewe mkononi, na wakikataa nitakata rufaa, na nitaandika hapa.

Jambo jingine. Mama alipiga simu leo mchana kuuliza habari za mtoto wa mdogo wangu, na katikati ya maongezi akataja kwamba jana ndara ilimvuka akatembea hadi uani bila kujua, mpaka jirani akamwambia. Alisema kama kichekesho. Mnajua sukari yake ilivyo tangu mwaka juzi. Nikamuuliza asubuhi ilisoma ngapi, akahamia kwenye habari za mvua. Nikamuuliza kama amezikagua nyayo, akasema macho hayafiki huko na haoni sababu ya kumsumbua mtu. Nimeazima monofilamenti ya gramu 10, kile kiuzi cha kupimia kama nyayo bado zina hisia, maabara ya ujuzi, kesho naenda nayo mapema. Shida ni kwamba hajawahi kukubali nimpime chochote, anasema mimi ni mwanawe, si nesi wake, na safari hii sijui nianzie wapi.