Mizani za Shairi la Mbuga

Binti yangu yuko kidato cha pili na wameanza uchambuzi wa mashairi. Juzi usiku akainua kichwa kwenye daftari, akaniuliza, "Mama, mizani zikiyumba, shairi limeharibika?" Nikakumbuka Illinois, jimbo la Marekani nilikosoma.

Darasani tuligawiwa shairi la Emily Dickinson kuhusu mbuga za nyasi za Marekani, zile waziitazo prairie. Mshairi huyo wa Amherst, Massachusetts, alifariki 1886. Shairi likachapishwa 1896. Ubeti mmoja, mishororo mitano. Ukitaka mbuga, anasema, chukua klova moja, mmea mdogo wa maua, na nyuki mmoja, kisha njozi. Nyuki wakiadimika, njozi peke yake yatosha.

Mwalimu akauliza nani ataanza na umbo. Wenzangu walizoea kuhesabu silabi zenye mkazo. Mimi nilifunzwa mizani. Nikaenda ubaoni, nikasoma polepole nikigonga kidole kwa kila silabi, na kila mshororo ukiisha naandika hesabu yake: 13. 6. 4. 8. 4. Nikarudi nyuma hatua mbili kuzitazama. Shairi la uwanda usio na mwisho lilikuwa linapungua mshororo kwa mshororo, hadi wa tatu, ambao umebeba njozi tu. Kisha wa nne, njozi inapoachwa peke yake, mizani zinapanda mpaka 8! Naandika haya na bado nasisimka. Vina navyo: mitatu ya mwanzo inaishia kwa sauti ya i, miwili ya mwisho kwa u. Kina kinageuka palepale mizani zinapopanda. Kwa idadi ya mishororo ni takhmisa, shairi la mishororo mitano kwa ubeti, ila takhmisa nilizosoma shuleni hazitikisiki namna ile.

Mwalimu aliniachia chaki hadi kipindi kikaisha.

Jioni nikiwa basini, mashamba ya mahindi na soya yakipita dirishani, ndipo shaka iliponiingia. Mbuga ya asili iliyosalia Illinois haifiki hata asilimia 1 ya ile ya zamani. Karibu yote ililimwa. Njozi itatosha wapi hapo? Mshororo wa nne unasema yatosha, na umbo linauunga mkono. Lakini wa tano, unaotaja uchache wa nyuki, unashuka tena hadi 4. Huenda Dickinson alitaka tuusikie upungufu huo masikioni. Huenda alikuwa anafunga shairi tu. Nimelisoma kwa njia zote mbili, na sijaweza kuiacha hata moja.