Naanza na joto, LUKU baadaye: ninavyofundisha familia Mtwara

Mimi ni fundi umeme hapa Mtwara mjini. Vikundi vya vikoba vya Magomeni, Chikongola hadi Mikindani hunialika nieleze namna ya kutumia umeme bila kuumia. Wengi hutegemea nianze na LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, lakini mimi naanza na nyumba yenyewe: mwezi wa kumi na mbili, saa nane mchana, ni chumba gani hukai?

Swali hilo namuuliza kila mtu peke yake. Baba aliyejenga husema nyumba haina shida. Mama hutaja jiko. Bibi ukimwamkia, ukampa nafasi ya kuzungumza, atakwambia, "Mjukuu wangu, humu mchana sikai, natandika mkeka chini ya mwembe." Huyo ndiye namsikiliza zaidi, maana ndiye anayeshinda na nyumba. Na chumba anachokilalamikia ndicho chenye feni isiyozimwa.

Hapa kwetu watu wengi hupaua pesa ya korosho ikitoka. Minada huanza Oktoba, na joto la kaskazi linafuata hapo hapo. Bati la rangi iliyokolea linapendeza, ila linanyonya jua, na nyumba ikiwa haina dari joto lote linashukia kichwani. Kisha kuna madirisha ya aluminiamu ya kusukuma. Mtu amejinyima akayanunua, lakini hata ulisukume mpaka mwisho, nusu ya dirisha inabaki imezibwa na kioo. Inaniuma kuona familia imetoa jasho kwa nyumba nzuri halafu inaikimbia mchana.

Simwambii mtu abomoe. Tunatafuta linalowezekana: dari kwenye chumba kimoja kwanza, matundu yenye wavu pande mbili chini ya paa ili hewa ya moto itoke, rangi nyeupe juu ya bati siku ya kupaka ikifika, mti upande wa magharibi. Mikindani huwa nawaomba wanakikundi tuingie kwenye nyumba kongwe ya mawe ya matumbawe na chokaa, mchana kweupe, kila mtu aweke kiganja ukutani. Ukuta ule mnene unachelewa kupata joto. Baada ya hapo sihitaji maneno mengi kueleza ukuta na kivuli vina kazi gani.

Ndipo tunakwenda kwenye mita. Mita nyingi zina taa ndogo nyekundu inayopepesa kadiri umeme unavyotumika. Tunazima kila kitu, tunawasha kimoja kimoja. Balbu ya LED ikiwaka, unaisubiri taa ipepese. Pangaboi likizunguka, mwendo unaongezeka. Ikichomekwa pasi, taa inakimbia, na akina mama wanaguna wenyewe. Pakitokea vyote vimezimwa na taa bado inapepesa, tunatafuta: kuna chaja au king'amuzi kilichosahaulika kwenye soketi, au kuna waya wenye hitilafu, na huo haungoji kesho.

Mfano unaowakaa zaidi ni ndoo ya lita 20. Kuitoa kwenye joto la maji ya bomba hadi karibu nyuzi 70 kwa hita kunakula takriban yuniti 1. Yuniti hiyo hiyo ingewasha balbu ya wati 9 kwa zaidi ya saa 100. Mtwara hii, maji ya kuoga yaliyoachwa juani kwenye ndoo nyeusi yenye mfuniko yanatosha kabisa.

Kwa mteja wa D1, kundi la bei la TANESCO kwa nyumba zenye matumizi madogo, hesabu hii ni nzito. Yuniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja kabla ya kodi, zinazozidi ni shilingi 350. Aliye T1, kundi la matumizi ya kawaida, analipa 292 kwa kila yuniti. Kaya iliyo ukingoni mwa 75 inaweza kuvushwa na hita moja tu.

Friji nalipima kwa noti: ifungie mlangoni, uivute. Ikitoka bila kushikwa, mpira umekwisha, na mpira mpya ni nafuu kuliko kulipia baridi inayovuja. Jiko la presha la umeme wengi walikuwa wanaliogopa, kwa hiyo tulipika maharage kwenye kikao tukiwa tumeandika namba ya mita. Yaliiva kwa chini ya yuniti 1. Mkaa wake kila mmoja anajua bei.

Joto likirudi, nawarudia na swali lile lile la chumba. Kuna nyumba ambayo yuniti hazikupungua hata kidogo: walichookoa kwenye hita kilikwenda kwenye pangaboi la chumba cha bibi. Mwenye nyumba aliniuliza faida iko wapi. Nikamwomba amuulize mama yake analala wapi sasa. Mimi nyumba hiyo naihesabu kati ya zilizofaulu, kwa sababu bibi analala chumbani kwake.

Siku hizi naomba vikundi viniite kabla ya msimu, mabati hayajanunuliwa. Namkalisha mwenye nyumba na mkewe pamoja na fundi wa kenchi na fundi wa madirisha, tunakubaliana upepo uingilie wapi na utokee wapi. Mke ndiye anayeanza kusema.