Fashoda Haipo Kwenye Ramani

Jumapili jioni mpwa wangu alikaa barazani na simu yangu, daftari la historia mapajani.

"Mjomba, mbona Fashoda siioni?"

Nikamwambia atafute Kodok, Sudan Kusini, ukingoni mwa Nile Nyeupe. Mji ndio huohuo. Mwaka 1904 Uingereza na Ufaransa zilipopatana, jina likabadilishwa ili Ufaransa, rafiki mpya, asikumbushwe aibu yake ya pale. Hapo akaweka kalamu chini, nami nikapata wa kumsimulia.

Marchand, ofisa wa jeshi la Ufaransa aliyetumwa kuitwalia nchi yake eneo la Nile ambalo Uingereza nayo ililitaka, aliingia Fashoda tarehe 10 Julai 1898, akiwa na Wafaransa wachache na askari zaidi ya 100 wa Afrika Magharibi. Walikuwa wametoka pwani ya Kongo, safari ya miaka miwili hivi. Boti yao ya mvuke, Faidherbe, ilifunguliwa ikavukishwa nchi kavu vipandevipande. Vichwani na mabegani mwa nani? Sisi wa pwani neno mpagazi hatuhitaji kufasiriwa.

Septemba ile Kitchener, jenerali Mwingereza aliyeongoza jeshi la Misri, akafika na boti za mizinga, ametoka kuwafyeka watu wa Khalifa, mtawala wa Sudan wakati ule, kule Omdurman, kichwani kavaa tarbushi ya Kimisri. Hawakupigana. Walikunywa pamoja, bendera ya Misri ikapandishwa kusini mwa ngome, na Waingereza wakaacha magazeti yenye habari za kesi ya Dreyfus, ofisa Myahudi wa Ufaransa aliyehukumiwa kwa uhaini asioutenda, kesi iliyoigawa nchi yao. Maofisa wa Kifaransa waliyasoma wakalia. Huku London na Paris watu walikuwa wanaitaka vita kwelikweli. Mwishowe Ufaransa ikakubali kurudi nyuma, na Desemba 11 Marchand akafungasha, akaondoka kwa njia ya Ethiopia.

Lakini anayenikaa moyoni ni reth, mfalme wa Washilluk, ambao nchi ni yao. Mwanzoni mwa Septemba aliingia mkataba na Marchand; Kitchener alipofika, akaukana. Wapo watakaomwita kigeugeu. Mimi simwiti hivyo. Mwezi wa nane tu meli za Khalifa zilikuwa zimekuja kupigana palepale na Wafaransa, na sasa wageni wa tatu hawa, na mizinga yao. Angemjibu nani nini?

Mpwa wangu akaandika "Washilluk" chini ya sababu za mgogoro, namba tano. Akaitazama, akaifuta kwa ufutio.

"Mwalimu kasema nne tu, mjomba."