Nambari ya Tarakimu Saba

Jana binti yangu alikuwa akipekua droo ya jikoni kutafuta kiberiti, akaibuka na kalenda ya 2015. Nyuma yake kuna nambari, kwa mwandiko wa Baba.

"Mama, hii ya nani? Nimepiga, haiiti. Haitoshi." Akazihesabu tarakimu kwa kidole. Saba.

Ya Subira, nikamwambia. Subira gani? Ile ya babu yako. Ya chini ya maji.

Ilikuwa Februari, kaskazi imekaza, nami nimo kwenye meli ya utafiti wa bahari. Nilitapika tangu bandarini Kilindini, sisemi zaidi. Siku ya tatu meli ilipunguza mwendo ikawa kama mtu anayetembea kwa miguu, nasi tukaitwa tezini. Boya la kupimia bahari lilikuwa limelazwa juu ya mbao: bomba la manjano, refu kunishinda ukihesabu na antena yake.

Kiongozi wa safari alikuwa mtu wa hadithi. Mabomba ya kwanza ya aina hii, alituambia, aliyatengeneza Mwingereza John Swallow mwaka 1955, na enzi hizo ilibidi meli iliandame kila moja ikilitegea sikio majini. Mwaka 1964 Swallow akaja upande wetu huu, kuupima mkondo wa Somalia wakati wa kusi. Haya ya leo, ya Argo, mpango wa kimataifa wa kupima bahari kwa maboya, hayaandamwi na mtu. Boya linazama hadi mita 1,000 na kujiachia libebwe. Siku ya kumi linashuka hadi mita 2,000, kisha linapanda kwa saa sita hivi likipima joto na chumvi, linatoa kichwa, linaiarifu satelaiti, linarudi zake chini. Siri ni mafuta: pampu inayasukuma kutoka tumboni hadi kwenye kibofu cha nje, boya linavimba bila kuongezeka uzito, linapanda. Likiyafyonza tena, linazama.

Tulipewa kalamu ya wino mzito tuandike tutakacho. Mwenzangu mmoja aliandika jina la timu yake ya mpira. Mimi niliandika SUBIRA, jina la mashua ya Baba, ile iliyokuwa ikienda inakotaka yenyewe.

Nikatoa sumaku ubavuni, ile inayolizuia kuwaka. Kimya. Nikabandika sikio kwenye bomba. Ndani kitu kikaguna, kikanyamaza, kikaguna tena, kama mzee anayepapasa makubadhi gizani. Tukaliteremsha kwa kamba, taratibu, wimbi likija tunangoja, likipita tunalegeza, mpaka maji yakalipokea na mkuu wa mabaharia akaichomoa kamba. Nilidhani litazama pale pale. Halikuzama. Lilisimama wima nyuma yetu, antena juu, likiinama na kuinuka kwa kila wimbi, kama mtu anayeitikia salamu asizozisikia vizuri. Kengele ya chakula ikalia, wenzangu wakaondoka. Mimi nikang'ang'ania ukingo nilione likishuka. Jua lilikuwa limelala machoni mwangu. Nilipepesa, na mara nyingine nilipotazama kulikuwa na maji tu. Mpaka leo sijui lilizama au tuliliacha mbali.

Nyumbani nilimtajia Baba nambari ya boya, akaiandika nyuma ya kalenda. Tangu hapo kila siku ya kumi simu: "Subira yuko wapi?" Namsomea latitudo na longitudo, anatia nukta kwa penseli. Nukta zikazunguka, zikarudi, zikapinda tena. Akacheka mpaka akakohoa. "Tabia ile ile."

Siku moja akauliza kina chake. Nikampigia hesabu: mita 1,000 ni pima mia tano na zaidi. Akanyamaza. Kamba ya bildi yake, ile risasi ya kupimia kina, ilikuwa pima thelathini, na hiyo aliiona ndefu. Kisha akasema, "Na huko nako kuna kusi na kaskazi?"

"Hakuna, Baba. Upepo haufiki huko."

Nililijibu mbio mbio, nina mambo, simu imebanwa begani. Akasema, "Haya."

Alifariki 2017. Boya lilimpita kwa miaka miwili, likanyamaza 2019, betri nadhani. Na ni baada ya hapo, nikisoma kwa ajili ya jambo jingine kabisa, nilipokutana na vipimo vya karibu na ikweta, upande wetu huu wa Bahari ya Hindi: mamia ya mita chini, mkondo unageuka mashariki na magharibi kwa kufuata majira. Upepo wenyewe haufiki. Msukumo wake unafika, kwa mawimbi ya ndani kwa ndani. Sijui nifanye nini na jambo hilo. Angelipenda. Au angesema tu "Haya", kama siku ile.

Binti yangu alisikiliza yote, kiberiti mkononi.

"Betri ikiisha, linasimama?"

Nilifungua mdomo, nikaufunga. Kwanza nikaenda kuepua wali, ulikuwa umeshaanza kushika ukoko.