Nilivyowafanya mafundi waandike chanzo, si "imeharibika"

Ukifungua kumbukumbu za matengenezo za hoteli za ufukweni hapa Unguja, kuna sentensi utazikuta zinajirudia mwaka mzima: "AC haipoozi, imetengenezwa." "Pampu inavuja, sili imebadilishwa." "Jenereta haikuwaka, sasa inawaka." Kazi imefanyika, na fundi ametoka jasho kweli. Lakini atakayeisoma mwakani haokoti kitu. Mimi nasimamia matengenezo katika hoteli moja ya pwani ya mashariki, upande wa Kiwengwa, na nataka kueleza tulivyotoka kwenye sentensi hizo, kwa sababu naamini fedha nyingi zinamwagika hapo hapo.

Programu ya matengenezo tulikuwa nayo tayari. Mashine zote zilishaingizwa na kila fundi anayo kwenye simu yake. Tatizo lilikuwa kile kisanduku cha chanzo cha hitilafu. Programu hizi huja na orodha ndefu iliyotungwa kwa ajili ya viwanda vikubwa. Kuna hata kiwango cha kimataifa, ISO 14224, kilichotoka mara ya kwanza 1999 na kupitiwa upya 2006 na 2016, kinachoeleza namna ya kukusanya taarifa za hitilafu kwenye sekta ya mafuta na gesi. Humo nilichukua jambo moja lenye thamani kubwa: namna kifaa kilivyofeli ni habari moja, na kilichokifanya kifeli ni habari nyingine, wala zisiandikwe mahali pamoja. Orodha yenyewe sikuitaka. Fundi aliye juu ya ngazi, jua linamchoma na mkono una grisi, hawezi kupekua sababu mia moja kwenye kioo cha simu. Atabonyeza ya mwisho, "Nyingineyo", kazi ifungwe ateremke. Kwetu "Nyingineyo" ndiyo iliyokuwa ikiua mashine nyingi kuliko zote.

Nikaifuta orodha yote. Tukakaa na mafundi barazani nyuma ya karakana, nikawauliza mashine za hapa zinakufa kwa nini, kisha nikaandika maneno yao kama walivyoyasema. Chumvi. Pampu kukaushwa. Mchanga. Ukoko, maana maji ya visima vyetu yanapita kwenye mwamba wa chokaa na huganda kwenye hita. Umeme. Uchakavu wa kawaida. Ufungaji. Spea isiyofaa. Matumizi mabaya. Na moja niliyoidai mimi mwenyewe: "Bado hakijajulikana."

Hiyo ya mwisho baadhi ya wakubwa hawakuipenda, wakaona ni kuwapa mafundi mlango wa uvivu. Mimi naona kinyume chake. Anayebonyeza "Nyingineyo" amefunga faili. Anayebonyeza "Bado hakijajulikana" ameliacha wazi, na programu inamtaka aweke tarehe ya kurudi kuangalia tena. Chanzo cha kubahatisha kina madhara kuliko kisanduku kitupu, kwa sababu mwakani mtu atakihesabu na kununua vitu kwa kukiamini.

Kisha tukagawa nani anaandika nini. Mapokezi na watu wa usafi wanaandika dalili tu: maji hayatoki, chumba namba fulani kina joto, kuna mlio. Kisanduku cha chanzo kwao hakifunguki kabisa. Kinafunguka wakati wa kufunga kazi, kwa yule aliyeifungua mashine na kuiona kwa macho yake. Kabla ya chanzo lazima aandike alichokiona na apige picha ya kipande kilichofeli.

Faida yake niliiona kwenye pampu ya presha inayopeleka maji kwenye bungalo za mbele. Ilikuwa ikivuja, inabadilishwa sili, yaani kile kizibo kinachozuia maji yasitoke penye mhimili unaozunguka, inakaa muda, inavuja tena. Kila mara kumbukumbu inasema "sili mbovu", na sisi tunalaumu duka. Mara hii fundi wetu mkongwe, mzee wa Makunduchi, aliitoa ile sili akaniletea mkononi badala ya kuitupa. Sili ya pampu ina pete mbili zinazosuguana, moja ya kaboni na moja ya seramiki, na baina yake hupita utando mwembamba wa maji unaolainisha na kupooza. Pete ya seramiki ilikuwa na mipasuko myembamba, inaanzia katikati inakwenda ukingoni. Mpira wa nyuma umekakamaa, ukiubana kwa kucha unakatika.

"Mwanangu, sili hii haina kosa," akanambia. "Imekaangwa."

Pampu ilikuwa ikizunguka bila maji. Pete zinapata moto, kisha maji yakirudi ghafla seramiki inapasuka. Hapo tulikuwa na namna ilivyofeli, na chanzo cha kwanza, "kukaushwa". Lakini kwa nini ikauke, na tangini mna boya la kuizima maji yakishuka? Tukaenda kufungua kiboksi cha boya. Waya zimeungwa moja kwa moja, boya halina kazi.

Sikuuliza nani. Nilikuwa nimekwisha kukubaliana na meneja kwamba hakuna atakayekatwa mshahara kwa jambo aliloliandika mwenyewe kwenye programu, na nililisema mbele ya mafundi wote, naye meneja yupo. Jioni kijana mmoja akanifuata. "Dada, zile waya niliunga mimi. Boya lilikuwa limekwama, wageni wamejaa povu bafuni, na boya jingine halikuwepo stoo." Alikuwa na haki ya kufanya vile usiku ule. Kilichokosekana ni boya la akiba, na kumbukumbu kwamba kuna waya zimeungwa kwa muda. Tukanunua maboya, na kwenye programu tukaongeza aina ya kazi inayoitwa "dharura ya muda", ambayo haifungiki mpaka kitu kirudishwe kama kilivyokuwa. Pampu ile haijavuja tena. Kama tungekuwa tunamsaka mwenye kosa, hadi leo tungekuwa tunanunua sili.

Kwa ajili hiyo pia hakuna chanzo kinachoitwa "kosa la fundi" kwenye orodha yetu. Kuna "ufungaji". Mtu ataandika kwamba beringi iliingizwa kwa nyundo ikafa mapema, lakini hataandika jina lake chini ya neno kosa, na mimi namwelewa.

Neno lililonisumbua zaidi ni "umeme". Umeme wa Unguja unavuka bahari kwa waya kutoka Ras Kiromoni, upande wa bara, hadi Fumba. Wa kwanza uliwekwa 1980, na wa pili, wa megawati 100, ulianza kazi 2013. Watu wazima wote wanakikumbuka kiza cha Mei 2008, na kile kirefu cha Disemba 2009 hadi Machi 2010. Kwa hiyo hapa kwetu ukisema kitu kimeuliwa na umeme, hakuna wa kukubishia. Mota ikiungua, umeme. Kapasita, kile kikopo kinachoisaidia mota kuwaka, ikivimba, umeme.

Nikaweka sharti: anayechagua "umeme" aandike saa, na volti alizozipima baina ya fezi zote tatu, yaani nyaya tatu zinazoleta umeme. Panapotakiwa kuwa volti 400 pana ngapi? Kipimo hiki kina uzito kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu tofauti ndogo ya volti baina ya fezi huzaa kwenye mota tofauti ya ampea iliyo kubwa, kwa asilimia, mara 6 hadi 10, na joto la ziada ndilo linalokula waya za ndani. Kuna nyakati vipimo vilithibitisha kwamba umeme kweli ulikuja vibaya, na kumbukumbu hizo zikatusaidia kudai vifaa vya kinga kwa mwenye hoteli. Lakini mara nyingi umeme uliingia sawa kwenye bodi na kutoka vibaya. Ndani ya bodi ya pampu za bwawa tulikuta skrubu za kontakta, ile swichi inayowasha na kuzima mota, zimelegea, shaba imekuwa nyeusi, fezi moja inapita kwa taabu. Chanzo kikahama kutoka "umeme" kwenda "chumvi", kwa kuwa kifuniko cha bodi kilikuwa hakina mpira na upepo wa bahari ulikuwa unaingia moja kwa moja.

Jambo jingine ambalo programu haikufundishi: andika mashine, na andika mahali, kila kimoja na namba yake. Ukihamisha AC kutoka chumba cha mbele kwenda cha nyuma, historia inaondoka nayo, na mahali palipoiua panabaki pasafi kwenye kumbukumbu, panangoja nyingine. Tulipoanza kutafuta kwa mahali, ukuta unaotazama bahari ukajitokeza wenyewe. Mafundi walikuwa wakiandika "kapasita imekufa" chumba baada ya chumba. Picha za mashine za nje zilionyesha mapezi ya alumini, vile vibati vyembamba vinavyotoa joto, yamegeuka unga mweupe. Alumini na shaba zikigusana penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Mapezi yakiisha, joto halina pa kutokea, kompresa inavuta ampea nyingi, na kapasita inakufa mwishoni kabisa mwa mlolongo huo. Kubadilisha kapasita peke yake ni kazi bure. Sasa mashine za ukuta ule zinaoshwa kwa maji yasiyo na chumvi mara kwa mara, khasa kaskazi inapovuma. Zinazonunuliwa mpya ni zenye mapezi yaliyopakwa rangi ya kinga, na zile tulizoweza tukazihamishia ukuta wa nyuma.

Intaneti ikikatika mafundi wanaandika kwenye kadi, na jioni naingiza mimi. Vipande vilivyofeli tunavitia kwenye mifuko yenye namba ya kazi, vinakaa kwenye rafu mpaka chanzo kithibitike.

Kwenye rafu hiyo hivi sasa kuna beringi mbili za mashine ya kufulia. Njia ya mipira imechimbika upande mmoja tu. Mzee anasema mkanda unakazwa kupita kiasi, kijana anasema msingi wa mashine umezama na haikai sawa. Kwenye programu tumeandika "Bado hakijajulikana", na tarehe ya kurudi tumeiweka masika, wageni wakipungua, tuizime kwa nafasi na tupime msingi.