Praha ya Desemba, kwa Saa ya Jua

Wiki ya kwanza ya Desemba, jua la Praha huchomoza kama saa mbili kasorobo asubuhi na kuzama saa kumi jioni. Mwanga wote wa siku ni saa nane na dakika chache, basi ratiba yetu ilifuata jua. Saa zote humu ni za hesabu yetu ya Kiswahili, na mji huu una saa ya kale ambayo Mswahili ataielewa upesi kuliko wageni wengi.

Tulifika Karlův most, daraja la Mfalme Karoli wa Nne, saa moja na nusu, jua likiwa bado halijachomoza. Ikifika saa nne watu hujaa hadi hupati nafasi ya kusimama, lakini alfajiri unaweza kulivuka lote, mita 516, ukiwa karibu peke yako. Vuka ukitokea upande wa Mji Mkongwe. Jua litachomoza nyuma ya bega lako na kuipiga Ngome ya Praha iliyo mbele kilimani. Ujenzi wa daraja ulianza mwaka 1357. Sanamu zake ni 30, na nyingi ni nakala, kwa sababu jiwe la mchanga huliwa na mvua na moshi. Ya shaba, ya nane upande wa kulia, ni ya Mtakatifu Yohane wa Nepomuk, aliyetoswa mtoni mwaka 1393. Iliwekwa mwaka 1683, na ndiyo kongwe kuliko zote hapo. Vibao vya chini yake vinang'aa kwa kuguswa na mikono ya wapita njia.

Tazama unapokanyaga. Njia za Praha zimetandazwa vijiwe vidogo vya mraba vilivyosuguliwa na nyayo. Theluji mpya si tatizo kubwa. Hatari ni ile iliyoyeyuka mchana ikaganda usiku, maana hugeuka kioo kisichoonekana. Viatu vya soli ngumu ya ngozi viache. Vaa vyenye soli ya mpira laini yenye mifereji mirefu, vikubwa kidogo kuliko kipimo chako ili soksi ya sufu ikae bila kubana. Mguu uliobanwa hupitisha damu kidogo, na ndiyo maana huganda hata ndani ya soksi mbili.

Simu nayo ina adabu zake. Baridi hupunguza kasi ya kemia ndani ya betri, hivyo simu yenye asilimia 40 huweza kuzimika ghafla. Iweke mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili, uitoe wakati wa kupiga picha tu. Kamera ina shida ya kinyume: ukiingia nayo jengo lenye joto, unyevu wa hewa hutua juu ya lenzi baridi. Ifunge ndani ya mfuko wa plastiki ukiwa bado nje, ukae nayo nusu saa kabla ya kuufungua.

Barabara ya Nerudova, inayopanda kwenda Ngomeni, ni nzuri, ila mteremko wake asubuhi yenye barafu unachosha magoti. Tulipanda tramu namba 22 kutoka uwanja wa Malostranské náměstí hadi kituo cha Pražský hrad, na kutoka hapo ni dakika tano kwa mguu. Tiketi ya karatasi lazima uigonge mara moja kwenye kijimashine cha njano unapoingia. Isiyogongwa huhesabiwa kuwa hakuna, na wakaguzi huvaa nguo za kawaida.

Kuingia viwanja vya Ngome ni bure. Tiketi unalipia majengo, nayo hutumika siku mbili mfululizo. Msimu wa baridi majengo hufunguliwa saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni. Jumapili kanisa kuu la Mtakatifu Vitus hupokea watalii kuanzia adhuhuri tu, kwa sababu ya misa. Lilianza kujengwa mwaka 1344 likakamilika 1929. Siku isiyo na mawingu, karibu na adhuhuri, jua la Desemba liko chini sana angani na hupenya madirisha ya kusini kama tochi, likimwaga rangi za vioo juu ya nguzo. Majira ya joto jua hulipita paa kwa juu, hivyo kwangu mimi huu ndio wakati bora wa kuliona kanisa hili. Saa sita kamili askari hubadilishana zamu kwa tarumbeta katika ua wa kwanza.

Usiondoke bila kuingia Jumba Kongwe la Kifalme. Kwenye dirisha la chumba kimoja cha juu, tarehe 23 Mei 1618, mabwana wa Kiprotestanti waliwatupa nje magavana wawili wa mfalme pamoja na mwandishi wao. Wote watatu walipona, lakini vita vilivyofuata vilidumu miaka 30. Waasi walishindwa kwenye kilima cha Bílá hora, karibu na Praha, mwaka 1620, na viongozi 27 wakauawa hadharani tarehe 21 Juni 1621 kwenye uwanja wa Mji Mkongwe. Misalaba yao 27 myeupe imechorwa kwa mawe sakafuni, kando ya ukumbi wa mji. Theluji ikianguka huifunika, basi itafute mapema.

Kwenye ukuta wa ukumbi huohuo ndipo ilipo saa ya mwaka 1410. Umati hungoja mitume wanaopita madirishani kila saa, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tano usiku, halafu hutawanyika. Hawaangalii uso wenyewe! Tarakimu za Kirumi zinaonyesha saa za kawaida za Ulaya. Duara la nje lenye tarakimu za dhahabu linahesabu saa 24 tangu jua lilipozama: likishazama, saa moja baadaye ni saa moja. Inafanana na hesabu tuliyolelewa nayo. Tofauti moja ni kwamba karibu na ikweta saa ya machweo haihami sana, na huku huhama kwa saa kadhaa kati ya Juni na Desemba, kwa hiyo duara zima huzungushwa taratibu mwaka mzima kulifuata jua.

Kwenye soko la Krismasi uwanjani, lipa kwa korona, fedha ya Kicheki, na mashine ya kadi ikikupa chaguo la fedha nyingine, likatae. Kiwango chake huwa kibaya. Mvinyo moto huitwa svařák, na kikombe hupasha vidole joto kwa robo saa.

Saa kumi kasorobo tulirudi darajani. Katika majuma ya kungojea Krismasi, taa za gesi huwashwa kwa mkono na mtu mwenye kofia na joho la kale, akiinua mti mrefu kwenye taa moja baada ya nyingine. Anapoanza, kule uwanjani mkono wa dhahabu unakaribia 24.